Mahindi ya Ng'ombe

Kabla ya maabara kufika hapa karibu na Kapsoit, maabara ilikuwa mimi. Wengine watasema najisifu. Waulize waliokuwa wakileta maziwa kituoni kwangu. Tone moja kwenye ukucha wa kidole gumba: likisimama mviringo, sawa, likitiririka, "Mama, leo ulipitia mtoni?" Nikionja, ningekuambia kama ng'ombe alikula kabichi jana, kama mtungi ulioshwa kwa maji moto au ulipanguswa tu juu juu. Mahindi nayo nilipima kwa meno. Punje kavu hulia ukiiuma. Ikinyamaza, rudi nayo nyumbani ukaianike.

Shule niliachia darasa la sita. Nilichuma majani chai katika mashamba ya watu, nikabeba maziwa kwa baiskeli kwenye vilima vya Kedowa, nikaanguka nayo matopeni, nikaamka. Leo nina tangi la kupoza maziwa, kinu cha posho, na mashine ya kuchanganya chakula cha ng'ombe niliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vya trekta kuukuu. Watu wenye digrii wamekuja kuitazama. Mmoja aliipiga picha.

Kwa hivyo vyama vya wafugaji vya Kericho na Bomet vilipokubaliana kuwa na maabara yao ndogo, na kukosa mahali pa kuiweka, nani alisimama kwenye mkutano? Mimi. Nilisema chukueni ghala langu. Siku hizo maziwa ya kupimwa yalipelekwa Nairobi kwenye sanduku la barafu, na majibu yalirudi wakati maziwa yenyewe yameshanywewa na kusahaulika. Wanunuzi wa kaunti nyingine walikuwa wanataka karatasi ya majibu, na karatasi hatukuwa nayo. Nikapiga sakafu vigae, nikavuta maji, nikaweka betri za sola kwa sababu huku kwetu mvua ya mawe ikianza tu stima inapotea.

Halafu wakatuletea fundi wa maabara. Nilitarajia mzee mwenye miwani. Akaja mwanamke wa miaka thelathini hivi, baba yake alitoka nyanda za magharibi zamani kuja kuchuma chai, na yeye akazaliwa kwenye laini za nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa. Kikipsigis anakiongea vizuri kuliko watoto wangu. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni.

"Mzee, viatu."

"Hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo, Mzee. Na hivyo ni viatu vyako. Viache hapo."

Nikaingia na soksi, moja imetoboka. Tangu hapo nikawa namwita Daktari, kwa mzaha, na yeye kila mara ananijibu, "Mimi si daktari." Watu walicheka sana.

Mimi si mtu wa kukaa. Nilikuwa naingia humo mara tano, mara sita kwa siku, nasimama mikono nyuma, natoka, narudi. Nilitaka kuona mashine ikiguruma. Mashine yenyewe haigurumi. Ni vijikaratasi vyembamba kama ulimi wa mjusi, unachovya kimoja kwenye maziwa, unangoja. Kinatoa mistari miwili. Mstari wa juu unasema kipimo kimefanya kazi. Wa chini ukififia, maziwa yana sumu. Si sumu ya mtu mbaya, ni sumu inayotokana na ukungu wa mahindi. Vitabuni wanaiita sumukuvu. Haina harufu, haina ladha. Alipolisema hilo nililisikia kwa sikio moja, kwa sababu kitu ambacho ulimi wangu haujui, nilidhani hakipo.

Kitu kimoja kilinisumbua. Kila asubuhi, kabla ya kupima ya mtu yeyote, alipima chupa mbili zilizoletwa kutoka maabara kubwa: moja anajua ni safi, nyingine anajua ni chafu.

"Daktari, kwa nini unapima kitu ambacho unajua jibu lake?"

"Mimi si daktari. Napima ili nijue kama mimi mwenyewe ni mzima leo, Mzee."

Niliona ni kupoteza vijikaratasi. Mimi sijawahi kuamka nikauuliza ulimi wangu kama ni mzima.

Wiki ile ya kufungua maabara rasmi, wageni wa kaunti nyingine walikuwa waje Ijumaa. Wangeangalia kitabu cha majibu, na wakiridhika wangekubali karatasi zetu. Jumanne fundi akasema sasa anataka maziwa ya kweli, ya wakulima. Nani atakuwa wa kwanza? Watu wakaanza kutazamana. Nikasema, anza na yangu. Ng'ombe wangu kumi na mmoja, boma la sakafu ya simiti, maziwa mazito ya kusimamisha kijiko. Nilitaka jina langu liwe juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Aliyachukua mwenyewe, akayachovya. Nikangoja mlangoni, nikatembea mpaka kwenye kinu, nikarudi. Alikuwa amekunja uso.

Mstari wa chini haukuwepo.

"Kijikaratasi kimeharibika," nikasema.

"Huenda. Narudia."

Akarudia. Akapima ile chupa safi, ikatoa mistari miwili. Akapima yangu tena. Mstari mmoja.

"Rudia."

"Mzee, hii ni mara ya tatu."

Nikachukua kikombe, nikachota maziwa kwenye mtungi wangu, nikayanywa yote mbele yake, nikapangusa masharubu. "Unaniona nimekufa?"

Hakucheka. Aliniuliza ng'ombe wangu wanakula nini.

Hapo ndipo lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua. Mahindi yakivunwa na mvua haijaisha, tunakaa barazani na kuyachagua. Mazuri kwa watu. Yaliyooza, yenye ukungu wa kijani na weusi, hayatupwi, maana chakula hakitupwi. Hayo ni mahindi ya ng'ombe. Ndivyo tulivyofunzwa, na ndivyo nilivyojenga biashara. Nilipaka rangi ubao mkubwa kinuni kwangu, herufi nyekundu: MAHINDI YA NG'OMBE TUNANUNUA. Walileta kutoka Chebunyo, walileta kutoka hapa jirani. Nikayasaga, nikayachanganya na pumba, nikawauzia watu walewale wakalishe mifugo yao. Na mimi nikalisha yangu.

"Ng'ombe ana matumbo manne," nikamwambia. "Atashindwa na ukungu?"

"Hashindwi sana. Ndiyo shida yenyewe. Yeye anasimama, na sehemu ya ile sumu anaipitisha kwenye maziwa. Haiondoki kwa kuchemsha. Haiondoki hata ukiyagandisha yawe mursik. Na haiui leo, Mzee. Inakula ini la mtu pole pole, na mtoto mdogo inamzuia kukua."

Nilifunga mlango, nikashusha sauti. Nasema ukweli, hata kama haunipambi. Nilimwambia achukue maziwa ya jirani yangu ambaye hulisha nyasi tupu, aandike jina langu. Baada ya Ijumaa nitarekebisha mambo kimya kimya, na hakuna mtu atakuwa ameumia.

Alikuwa na kalamu mkononi.

"Mzee, chumba ni chako. Ufunguo ni wako, unaweza kunifungia nje hata saa hii. Lakini nikidanganya hili jibu moja, yale mengine yote yatakayofuata ni ya nini? Si afadhali turudi kwa ulimi wako?"

Akaandika. Nilitoka bila kuvaa viatu, nikagundua nikiwa katikati ya uwanja.

Mchana ule sikuweza kutulia. Nilienda kinuni nikazima mashine, nikaiwasha, nikaizima. Nikaenda nyumbani. Mama yangu alikuwa ameketi jikoni, kibuyu cha mursik kati ya magoti, anakitikisa kabla ya kumimina.

"Weri," akasema. Mpaka leo ananiita kijana, na mimi nina mvi. "Unatembea kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Sisi tumepea ng'ombe hayo mahindi tangu babu yako. Umelelewa na hayo maziwa. Si ndiyo hayo yamekufanya mrefu hivyo? Nani amekufa?"

Nikataka kumjibu hakuna. Nikakumbuka kaka yangu mkubwa, aliyekufa tumbo limevimba na macho ya njano. Tulisema amerogwa. Tuliwachukia watu wa boma fulani kwa miaka mingi. Sijui kama ilikuwa ni hii. Hakuna aliyempima.

Mjukuu wangu wa kike, wa miaka mitatu, alikuwa karibu na mama yangu, na kikombe chake cha bati chenye picha ya twiga. Mama akamimina. Mtoto akainua kikombe kwa mikono miwili.

Nikakichukua kikombe kutoka mdomoni mwake.

Huku kwetu, mtu anayemnyang'anya mtoto maziwa hana jina. Maziwa ndiyo tunayobariki nayo, ndiyo tunayomlaki nayo mtu aliyetoka safari. Mtoto alinitazama kwanza, hakuamini, halafu akalia. Mama akamvuta kwake.

"Hata wewe usinywe," nikamwambia.

"Mimi nimeshakunywa miaka themanini," akasema, akaondoa kibuyu.

Asubuhi iliyofuata wakulima walijipanga kituoni na mitungi yao kama kawaida. Nikapanda juu ya kreti. Nimehutubia mikutano mingi, nikachekesha watu mpaka viongozi wenyewe wakaniogopa. Siku hiyo sikuanza na mzaha. Nikawaambia maziwa yangu yamepatikana na sumu, imetoka kwenye mahindi ya ng'ombe, na mahindi ya ng'ombe yanatoka kwenye kinu changu.

Halafu mama mmoja mzee wa juu kule, ambaye kwa miaka mingi nimemtania kuhusu mto, akaweka mtungi chini.

"Kwa hivyo leo si mimi nilipitia mtoni."

Watu wakacheka, lakini si kicheko kizuri.

"Na ile chakula unatuuziaga? Ya ng'ombe zetu?"

"Ni hiyo hiyo, mama."

"Na mahindi yetu ulikuwa unauma na meno, unasema iko sawa kwa ng'ombe. Sasa hayo meno tukuamini nayo namna gani?"

"Msiamini meno. Kila mtu apeleke chupa yake pale ndani. Mkifika, vueni viatu."

Mmoja akasema nimenunuliwa. Mwingine akamwaga maziwa yake palepale chini mbele yangu, makusudi, akaondoka. Kumwaga maziwa hivyo ni kama kumtemea mtu mate. Nikayaona yakiingia kwenye udongo mwekundu. Nilipogeuka nikamwona fundi dirishani. Alikuwa anawahesabu waliobaki kwenye foleni, akipanga chupa.

Niling'oa ule ubao mwenyewe. Misumari ilikuwa imeshika kutu, ikabidi nitumie mtaimbo. Nikachimba shimo nyuma ya kinu, nikafukia magunia yote, watu wamesimama kwenye ua wa majani chai wakimtazama mwanamume mzima anazika mahindi. Ijumaa wageni walikuja, wakafungua kitabu, na jina langu lilikuwa pale juu nilipolitaka. Mgeni mmoja akauliza, "Huyu wa kwanza ni nani?" Nikasema ni mimi, mwenye nyumba. Akaandika kitu. Walikubali karatasi zetu. Walisema maabara inayoweza kumwangusha mwenye nyumba wanaweza kuiamini. Sikujua nifurahi au niingie kwenye lile shimo.

Kwa wiki nzima ng'ombe walikula majani ya tembo na mahindi yaliyopimwa. Fundi alisema mwili wao unahitaji siku chache tu kujisafisha. Mimi siku hizo nilizihesabu kwa miguu, boma hadi kinu, kinu hadi mlango wa maabara. Nyumbani tulinunua maziwa kwa jirani, na mama akayanywa hayo.

Siku ya kupima tena, alikuja mwenyewe bomani kuchukua. Sikugusa chupa. Nilipasua kuni zisizohitajika mpaka aliponiita.

Mistari miwili. Wa chini umekolea kama wino.

"Rudia," nikasema.

"Nimerudia."

"Rudia tena."

Akaweka mikono kiunoni. "Mbaya ikija, nirudie. Nzuri ikija, nirudie. Mzee, wewe utaamini lini?"

"Rudia tu, Daktari."

Safari hii hakunisahihisha. Akarudia, ikawa ni ile ile, akaandika, nikavaa viatu nikaenda nyumbani karibu nikimbie. Nikakama ng'ombe mmoja mimi mwenyewe, kazi ambayo sijaifanya miaka mingi, nikayachemsha, nikayapoza kwa kumimina huku na huku. Mjukuu wangu alikuwa kizingitini na kile kikombe cha twiga, anakichezea kitupu. Nikachuchumaa, nikamnyooshea sufuria.

"Lete, nikuwekee maziwa."

Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akakificha kikombe nyuma ya mgongo wake.