Kinyozi Aliyeionea Wivu Ndoo

Hiki ninachotaka kukusimulia hutakiamini, na sikulaumu. Mimi mwenyewe, kama nisingekuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka, mkono wangu umo kwenye bakuli la kisamvu, ningesema huu ni uongo, tena uongo wa mtu asiyejua kutunga. Lakini nilikuwepo. Na mimi nikiwepo mahali, jambo hutokea vizuri zaidi. Muulize yeyote hapa Magomeni yetu ya kusini.

Habari yenyewe ni ya mpwa wangu Bwanaheri, kinyozi. Kazaliwa na dada yangu mkubwa, na kwetu huku mjomba ndiye mwenye mtoto, baba ni mgeni anayeheshimiwa. Kwa hiyo nikimcheka, namcheka kwa haki yangu. Saluni yake ni kibanda cha mabati chenye kioo kimoja na kiti cha kuzunguka ambacho hakizunguki. Ni mpole. Paka mweusi akimkatizia njia, anarudi nyumbani kuianza safari upya. Basi mtu huyo, kwenye simu, anaitwa Kaburi Wazi.

Usicheke bado.

Tuna kundi letu la WhatsApp, linaitwa Tungo Chungu. Admini ni mimi. Nilichaguliwa kwa ajili ya busara, na kwa sababu siku lilipoanzishwa ni simu yangu peke yake iliyokuwa na chaji. Mna walimu humo, mna makarani wa bandarini, wauza ming'oko, vile viazi vya porini, madereva wa bajaji, na jamaa wawili wa ng'ambo ya Ruvuma wanaotunga Kiswahili chenye Kimakonde ndani yake kama mchanga kwenye wali. Sharti letu: hakuna mapenzi, hakuna picha za maua na "asubuhi njema". Ni tungo za giza na za siasa tu. Njaa, kifo, wakubwa, bei ya korosho, gesi inayopita chini ya jiko la mkaa. Na desturi yetu ni kwamba utungo hauachwi mkiwa. Ukitupia, wasomaji wanakujibu. Anayeweza ubeti anajibu kwa ubeti, asiyeweza anatuma sauti, na aliyebakiza bando la kukwangua anaweka kopa, lile la moyo.

Bwanaheri alikuwa mfalme humo. Onja kidogo:

Joka la vichwa sabini, limezinga mlangoni,
Lameza watu na dini, na korosho mashambani,
Damu yafika shingoni, twaogelea gizani.

Ukiona hivyo ujue alikuwa amekunywa chai na maandazi, ameshiba, hana shida yoyote. Lakini majibu yake! "Moto!" "Malenga umetuzika!" Yassini wa bajaji alikuwa anatuma sauti za kuguna tu, mguno mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekandwa. Bwanaheri alikuwa anayasoma majibu mashine ikiwa mkononi inanguruma, na mteja anasubiri. Mimi nimewahi kutoka pale na ndevu za upande mmoja.

Lakini msomaji mmoja hakumjibu. Mkewe, Hafsa. Yumo kundini tangu siku ya kwanza, nilimwingiza kwa mkono wangu. Bwanaheri akishatupia utungo hungoja kidogo, halafu anaubonyeza kuangalia nani kasoma. Jina la Hafsa huwa la juu kabisa. Amesoma. Kopa hakuna. Neno hakuna. Hata "mh" hakuna.

"Mjomba," akanilalamikia siku moja, "Yassini ananijibu. Wamsumbiji wananijibu. Mke ninayelala naye hanijibu."

"Labda hana bando."

"Bando namnunulia mimi!"

"Basi labda ana akili."

Hakucheka. Nikajua limemkaa. Watu wote wa kundi lile aliwataka kidogo kidogo. Aliyemtaka hasa alikuwa mmoja, na huyo yuko jikoni kwake.

Ndipo akaingia Sista Gladness.

Ni nesi, mtu wa Moshi, kapangiwa kazi Rahaleo, kaletwa kundini na Yassini ambaye humpeleka kazini. Akakaa kimya muda mrefu, anasoma tu. Halafu asubuhi moja akatupia hiki:

Waliniambia njoo na maji.
Nilikwenda na ndoo ya njano, imejaa,
kifuniko nimekifunga kwa kamba.
Nimerudi nayo.
Imejaa.

Basi. Ndiyo mwisho. Bwanaheri akaniletea simu usoni, anacheka kama mtu aliyeokota.

"Shairi liko wapi hapa? Vina viko wapi? Mizani iko wapi? Huu ni ujumbe wa kumtumia dobi!"

Nikacheka naye. Mimi hucheka na mwenye saluni.

Lakini simu ikaanza kulia. Ikalia ikalia. Wanawake ambao sijapata kuona jina lao likifurukuta, waliokaa kundini kama mawe, wakaanza kuandika. Wala hawakuandika "moto". Mmoja akaandika, "Yangu ilikuwa ya rangi, ile kubwa ya mafundi." Mwingine, "Mimi nilikwenda na dumu la mafuta ya kula, la kuazima." Mwingine, "Yangu nyeupe. Sijaitumia tena, imekaa uvunguni." Hakuna aliyetaja kituo cha afya, na mimi sikitaji, lakini kila mtu alijua maji hayatoki wapi. Makopa yakamiminika. Bwanaheri akawa anayatazama yanavyoongezeka, midomo inamcheza, kama mtu anayeangalia mbuzi wa jirani wanazaa mapacha.

"Ndoo!" akasema. "Mjomba, ndoo ina nini? Mimi nimewapa joka la vichwa sabini!"

"Watu wana ndoo majumbani, mwanangu. Joka hawana."

Halafu akabonyeza kuangalia nani kaweka kopa. Nikachungulia. Hafsa. Kopa moja jekundu, limekaa pale limetulia, la kwanza tangu kundi lilipozaliwa, na limekwenda Rahaleo.

Nimeona wivu mwingi maishani mwangu, mwingine nilisababisha mimi. Lakini ule! Mteja wake, mzee wa watu aliyetaka kipara, alimnyoa panki. Alikuwa anasema peke yake: kumbe vidole anavyo. Kumbe kopa analijua lilipo.

Kabla ya adhuhuri akatupia jibu chini ya utungo wa Sista, na juu yake kaandika kwa herufi kubwa: MASAHIHISHO. Kaunyoosha ule utungo, kautia vina.

Mama alikwenda ndani, mtungi upo kichwani,
Joka likatoka pwani, likamuuma tumboni,
Akafa pale njiani, maji yamwagika chini.

Wimbo wake haukuwa na kasoro. Mimi kama admini ningeweza kuufuta, lakini napenda ugomvi usio wangu, nikauacha. Yassini hakuguna. Halafu juu ya kioo cha simu ikaonekana kwamba Hafsa anaandika. Bwanaheri akaikamata simu kwa mikono miwili.

Likaja: "Mama hakufa. Maji hayakumwagika. Yalirudi."

Ndilo jibu lake la kwanza.

Bwanaheri akamwacha mteja na shuka shingoni, akashika njia ya nyumbani. Nikamfuata kwa ajili ya amani, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula.

Tukamkuta Hafsa anapakua. Ugali wa muhogo, kisamvu kimeungwa kwa korosho. Akatandika mkeka.

"Mama Mwasiti," akaanza Bwanaheri, "miaka yote natunga. Leo neno lako la kwanza ni la kuniumbua mbele za watu?"

"Karibu Mjomba, nawa mikono."

"Nasema na wewe!"

"Nimekusikia, Baba Mwasiti. Umemuua mama wa watu."

"Ni kina! Kina ni cha ni! Ndani, kichwani, tumboni, njiani. Ningemfikishaje akiwa hai?"

"Ungempeleka sokoni," nikasaidia.

Hakuna aliyecheka, na lilikuwa jibu zuri. Nikatia mkono kwenye kisamvu.

"Na maji uliyamwaga kwa nini?" akauliza Hafsa.

"Chini. Kina tena."

"Hayakumwagika." Akakaa chini, kanga kaikunja magotini. "Ilikuwa kabla ya kumzaa Mwasiti. Wewe ulikuwa Newala, kwenye ile harusi waliyokuita kughani. Kituoni waliniambia njoo na maji, bomba la kwao ni pambo. Nikaenda na ndoo yetu, ile ya kijani. Mtoto akatoka kimya. Hakuna aliyeniomba maji. Nikarudi nayo kwenye bajaji, nimeikumbatia isimwagike. Sijui kwa nini niliikumbatia."

"Mtoto nilijua," akasema Bwanaheri, sauti imepungua. "Uliniambia habari ya mtoto."

"Ulijua. Ukatupia utungo, ndio ulikuwa wako wa kwanza kundini. 'Taifa Limeharibu Mimba.' Watu wakakupa makopa mengi sana."

Mimi nilikuwa mmoja wao. Tuendelee.

"Na maji?" akauliza.

"Uliyakuta mlangoni uliporudi, una vumbi la safari. Ukaoga. Ukatoka unajifuta, ukaniambia, mke wangu, maji ya leo yana ubaridi mtamu, umeyachota wapi?"

Kisamvu kilikuwa kimenijaa mdomoni. Nikaona si adabu kutafuna, na kumeza siwezi, nikakaa nacho hivyo hivyo, mashavu yamevimba, mpaka Hafsa mwenyewe akanionea huruma akanisogezea kikombe.

Bwanaheri hakula. Alirudi saluni, akayafuta yale masahihisho kwa wote, akammalizia yule mteja masikini. Siku zikapita Kaburi Wazi hakutupia kitu. Watu wakaniuliza admini, malenga yuko hai? Nikawaambia kafunga bando.

Usidhani wivu uliisha. Mtu wangu ninamjua. Jioni moja akaniambia, anaogopa hata kunitazama, "Mjomba, bado namwonea wivu yule Sista. Kwa nini Hafsa alimwambia yeye, hakuniambia mimi?"

"Muulize huyo Sista."

Akamuuliza. Sista alikuwa anapita na bajaji ya Yassini, akashuka, akasimama mlangoni pa saluni na sare yake.

"Shikamoo kaka," akasema, maana ana adabu. "Mkeo hajaniambia chochote. Sikuwa nikimfahamu."

"Sasa ulijuaje?"

"Ndoo ni nyingi, kaka. Mimi ndiye ninayezifungulia mlango zikitoka."

Akapanda bajaji akaondoka. Bwanaheri akakaa kwenye kile kiti kisichozunguka. Kwamba mgeni wa Moshi alilijua jambo la nyumbani kwake kabla yake, bila hata kuambiwa, hilo lilimchoma kuliko makopa yote. "Angalau angekuwa kaambiwa," alikuwa anasema. "Angalau angekuwa kaambiwa, Mjomba."

Akaanza kutunga. Akafuta. Alijaribu kina cha ji akakwama, akajaribu cha a akaniambia ni rahisi mno, watasema mvivu. Akamrudisha joka, akamfukuza. Mwisho akaandika kitu kama barua ya mtoto wa shule, hakina kina hata kimoja, mimi niliona aibu kwa niaba ya ukoo. Wala hakukitupia kama utungo wake. Alikwenda kukiweka chini ya ule wa Sista, pale wanapokaa wasomaji, katikati ya madumu na ndoo za wanawake:

Yangu niliikuta mlangoni.
Nilikuwa nimetoka safari.
Nikaoga.
Nikayasifu maji.

Na chini yake hakuandika Kaburi Wazi. Aliandika Bwanaheri.

Halafu ikawa kungoja. Alibonyeza, akaliona jina la mkewe. Amesoma. Akaiweka simu kwenye kabati la mafuta ya nywele, akaitoa, akairudisha. Alifagia nywele ambazo zilikwisha kufagiliwa.

Haya yote ninayaandika nikiwa kwenye benchi hapa hapa saluni, yeye mwenyewe yuko nyuma yangu anasafisha mashine, wateja hakuna, korosho bado hazijauzwa. Basi Hafsa akajibu. Wallahi akajibu, tena kwa beti saba, vina kati na vina mwisho, na Tungo Chungu nzima, kutoka Shangani mpaka ng'ambo ya Ruvuma, wakaweka simu chini wakalia, Yassini akalia mpaka bajaji ikaingia mtaroni, na Sista Gladness akaja hapa mbio kwa miguu kumwambia Bwanaheri kwamba sasa malenga ni…

"Mjomba."

Kumbe anasoma.

"Beti saba ziko wapi?"

"Ni namna ya kusema, mwanangu."

"Aliandika neno moja. 'Endelea.' Sista hakuja, na makopa yake bado ni mengi kuliko yangu, nimeangalia leo asubuhi. Na bajaji ya Yassini ilikuwa gereji. Liandike lilivyo."

"Sawa, neno moja. Lakini lilikuwa neno zito, maana lilipoingia tu kundini, simu zote za Magomeni zili…"