Makosa Sitini na Moja ya Clete Brandvold

Bernadine Kostka alikuwa na miaka ishirini na miwili alipokabidhiwa kazi ya kuandika hesabu za besiboli katika mji wa Wexley, jimbo la Iowa. Kaka yake, aliyekuwa mwandishi kabla yake, alihamia Chicago kumfuata mwanamke, na gazeti la mji halikupata mwanamume mwingine aliyeweza kuhesabu na kufunga mdomo kwa wakati mmoja. Siku za kazi alichambua vifungo kiwandani. Jumapili alikaa benchi la juu na daftari lake, akiandika nani kapiga, nani kadaka, nani kaangusha, na mpira umedondoka wapi. Alifanya hivyo tangu 1938 hadi 1949. Hakuolewa, na watu wa Wexley, ambao umbeya kwao ni chakula cha tatu, walimtafutia sababu saba.

Nyuma kabisa ya uwanja, kwenye majani, upande wa kushoto alisimama Orville Teasdale, muuza viatu. Alisimama kweli, maana hiyo ndiyo kazi pekee aliyoifanya pale kwa miaka kumi na mmoja. Mpira ukimjia kifuani, aliudaka na kuinua kofia ashangiliwe. Ukienda hatua kumi pembeni, alipaza sauti, "Wako, Clete!" na kuendelea kutafuna ubani wake.

Clete Brandvold, kijana wa mashambani, alicheza katikati. Yeye alikimbilia kila kilichoruka: cha kwake, cha Orville, na vingine vya mbali ambavyo mtu mwenye akili timamu angeviacha. Vingi alividaka. Vingine alivifikia, vikamgonga kwenye glavu na kuanguka.

Sasa, sheria ya waandishi ni hii: mlinzi akipoteza mpira ambao mtu wa kawaida angeudaka, anaandikiwa kosa. Asipoufikia kabisa, haandikiwi kitu. Kwa sheria hiyo mvivu hutoka uwanjani msafi, na wajinga wakamsifia usafi wake.

Safu ya pili ya hesabu ilikuwa ya kuchekesha zaidi. Hiyo ilihesabu wakimbiaji wa timu pinzani walionaswa na mpira uliorushwa kutoka nyuma kabla hawajafika kituo chao. Msimu wake wa kwanza Clete aliwanasa kumi na tisa. Baada ya hapo nani angethubutu tena kukimbia mbele ya mkono ule? Walisimama pale walipo, na hesabu yake ikadumaa. Orville alikuwa na mkono wa uji. Wote walimkimbilia, hata vibonge wenye tumbo la bia, na kwa wingi wao hawakukosekana waliojikwaa wakanaswa. Mwisho wa yote, Orville alikuwa na sabini na wanne, Clete arobaini na mmoja. Penseli haikuona hofu ya mtu aliyeogopa kukimbia.

Mwaka 1974 kamati iliamua kubandika kibao cha shaba ukutani kwa heshima ya mlinzi bora wa nyuma katika historia ya Wexley. Mwenyekiti alikuwa Duane Pruitt, muuza bima, mtu anayependa kusikia sauti yake kuliko kula. Walikutana katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, kukiwa na kahawa na pai ya tufaha.

"Orville makosa tisa, Clete sitini na moja," alisema Pruitt. "Kuna mjadala hapo?"

"Wewe Duane, ulishawahi kumwona Clete akicheza?" aliuliza Bernadine, aliyealikwa kwa ajili ya madaftari yake.

"Mama, wakati huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Ndiyo maana sina upendeleo."

"Sikuulizi upendeleo. Nakuuliza macho."

Orville, aliyealikwa pia, mashavu yamejaa pai, aliingilia. "Mi nilikuwa nampigia kelele tu, 'Wako, Clete!' Na anakwenda, bwege yule! Mnadhani sikukosea kwa bahati? Akili, jamani!"

Kamati nzima ilicheka. Alikuwa amejishtaki mbele ya watu saba, na wote saba wakampongeza.

"Halafu hesabu ni zako mwenyewe, Bi Bernadine," Pruitt alisema akimsogezea karatasi. "Tia sahihi tu kwamba ni sahihi."

Aliomba wiki moja. Nyumbani alifungua madaftari na kuyapitia yale makosa sitini na moja, moja baada ya jingine. Karibu na ua wa mbali. Nyuma ya Orville. Kwenye mteremko wa kulia. Alipofika la ishirini aliirudia sheria kichwani. Sheria ilisema mtu wa kawaida. Pale hakuna mtu wa kawaida ambaye angefika. Clete alifika kwa wepesi mno, hata msichana aliyekaa juu na penseli akadhani ile ni kazi ya kila mtu. Msichana huyo alikuwa amemwadhibu kwa mbio zake. Bernadine alijionea aibu kuliko alivyomdharau Pruitt, na Pruitt alimdharau sana.

Alirudi kwenye kamati na karatasi isiyo na sahihi.

"Nilikosea mimi. Nataka hesabu irekebishwe."

"Aa, mama, usijisumbue," Pruitt alimjibu. "Kibao kilishachongwa tangu mwezi jana."

Jumamosi Bernadine alikwenda kwenye ghala la nafaka, alikofanya kazi Clete, mzee wa miaka hamsini na mitatu sasa, nywele zimejaa vumbi la mahindi. Alimweleza yote akiwa amesimama, bila kujitetea. Clete aliweka chini koleo lake.

"Ukiyatoa hayo, yanabaki makosa mangapi?"

"Kumi na manne."

"Katika miaka yote?"

"Yote. Nisamehe, Clete."

Clete alikaa juu ya gunia. "Mwaka ule wa mwisho timu moja ya kulipwa ya Illinois iliniandikia," alisema. "Barua ilikaa mezani wiki tatu. Halafu gazeti likatoa hesabu zako, nikasoma, nikajiambia, Clete, utakwenda kuwatia watu aibu. Nikawaandikia wamtafute mwingine."

Aliviangalia viganja vyake.

"Kwa kumi na manne, Bi Bernadine, ningekwenda."