Baba Digna na Pawa Saplai

Mume wangu Nickolaus ametukanwa na watu wengi kuliko mtu yeyote ninayemfahamu hapa Ifakara, na matusi hayo tumeyala pamoja. Kabla daraja halijajengwa, yeye ndiye aliyekuwa akipanga magari kwenye pantoni pale Kivukoni. Akinyoosha mkono, lori linapanda. Akiushusha, lori linabaki, hata kama dereva amebeba nyanya zinazoanza kuoza. Alikuwa na neno moja tu: "Utangoja." Basi watu wakishindwa kummaliza yeye kule mtoni, walikuja kunimalizia mimi sokoni, kwenye meza yangu ya kambale wa kukaanga. "Mama Digna, mumeo ana roho mbaya." Nami nawafungia samaki wao, nawaambia wakamwambie mwenyewe.

Roho mbaya hana. Alikuwa na kibati. Kwenye ukuta wa chumba cha injini kiligongomewa kibati kinachosema pantoni inabeba tani ngapi, na kwa Baba Digna maneno ya kibati yalikuwa maneno ya mwisho. Dereva akimwambia amebeba mchele kidogo tu, hakumwamini. Aliinama akaangalia springi na matairi, akapiga hesabu kichwani, halafu bado akaacha nafasi, kwa sababu mto wa masika si ule wa kiangazi. Na kulikuwa na jambo jingine lililowakera watu zaidi. Pantoni ikitoka kutengenezwa, hata kama imebadilishwa bolti moja, lazima ivuke kwanza tupu, iende ng'ambo na kurudi, huku foleni nzima imesimama juani inamlaani. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale hakuzamisha hata kuku. Nasema hivyo kwa majivuno, na anayeudhika aendelee kuudhika.

Daraja lilipofunguliwa tulishangilia wote, yeye akiwemo. Lakini mtu aliyezoea kuulizwa na mji mzima, "Mzee, tunavuka?" akabaki anaulizwa na mimi kama amefunga banda la kuku. Akawa anatembea tembea uani, anakaza misumari ambayo haikulegea. Nilimwonea huruma, ingawa mara nyingine nilitamani aende huko akakaze misumari ya jirani.

Hapo ndipo inapoingia habari ya Digna, binti yetu wa mwisho. Digna alisomea kuchora ramani za majengo, akarudi nyumbani na kompyuta yake ya mezani, akaiweka sebuleni, nasi tukahamishiwa viti vyetu barazani. Mwaka huu akapata kazi ya kwanza ya kwake mwenyewe. Bwana Egidius, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mpunga kule Mchombe, alimwambia kikundi kinataka kujenga ghala. Jumamosi kutakuwa na mkutano. Digna alete michoro pamoja na video inayoonyesha hilo ghala kama vile mtu anatembea ndani yake. Kulikuwa na mchoraji mwingine kutoka Morogoro, mzoefu, naye angeleta ya kwake. Wakulima wangetazama zote mbili, kisha wachague. Digna asipofika na video, kazi imekwenda.

Kompyuta yake ilikuwa imezeeka, video hiyo isingeiweza. Akanunua kwa rafiki yake kadi ya picha, kifaa cha kuipa kompyuta nguvu ya kuchora. Joshua, fundi kompyuta wa huku kwetu, akaitazama akasema, "Dada, kadi hii inakula umeme. Pawa saplai yako haitaiweza." Pawa saplai ni lile boksi la chuma ndani ya kompyuta linalopokea umeme wa ukutani na kuvigawia vifaa vingine vyote. Leo nalijua. Wakati ule nilidhani kompyuta unachomeka tu, basi.

Baba Digna aliyasikia hayo akiwa barazani, akaingia ndani bila kuitwa.

"Inayogawa inabeba kiasi gani?" akauliza. "Na hao wanaogawiwa, kila mmoja anakula kiasi gani?"

Sijamwona amechangamka hivyo tangu pantoni iondoke. Alimkalisha Digna chini, akamhoji kifaa kimoja kimoja, kadi inakula wati ngapi, ubongo wa kompyuta wati ngapi, diski, feni. Akajumlisha kichwani, akaongeza nafasi ya kupumua, akasema hiyo kazi ya kuchagua pawa saplai aachiwe yeye. Digna akacheka, akamwachia.

Dukani, Joshua alimwonyesha boksi moja lililokuwepo. Alimwambia ukweli, hakumficha. "Shikamoo mzee. Hii ipo, lakini kampuni yake siijui. Ninayoiamini inabidi niagize Morogoro."

"Hapa imeandikwa wati mia saba na hamsini?"

"Stika ndivyo inavyosema, mzee."

"Basi inatosha na nyingine inabaki," akasema Baba Digna, akaja nalo nyumbani amelikumbatia.

Ndilo kosa lake, na naliona ni kosa ambalo angelifanya yeye tu. Kibati cha pantoni kilikuwa hakisemi uongo. Mtu aliyekitii kibati nusu ya maisha yake angejuaje kwamba stika nayo mtu yeyote anaweza kuichapisha, akaandika namba anayoitaka, akabandika?

Mwanzoni kompyuta ikaenda vizuri. Siku ya pili Digna akaiamuru itengeneze ile video. Yeye anaita kurenda, mimi naita kupika, kwa sababu unaiwasha, unaiacha, na ukienda kufunua huko katikati unaharibu. Haikupika muda mrefu. Ikazima yenyewe, pu, kama mtu amechomoa waya. Ilipowashwa, mchoro aliokuwa anaufanyia kazi haukufunguka tena. Akarudia nakala ya nyuma, kazi ya kutwa nzima ikawa imepotea. Akajaribu mara ya pili. Safari hii ilizima na ikatoa harufu ya plastiki inayoungua. Mwanangu akaweka kichwa juu ya meza akalia, nami nikasimama pale na mwiko wangu sijui nifanye nini.

Baba Digna aliiinamia ile kompyuta, akainusa. Kisha akasema, "Nimekosea mimi."

Nimeolewa na mtu huyu miaka mingi, na kukosea amewahi kukosea, kama wanaume wote. Lakini wengi ninaowajua wangemtupia lawama fundi, au umeme wa nchi, au mtoto mwenyewe kwa kununua kadi. Yeye alichukua bisibisi, akamsaidia Digna kulitoa lile boksi, akaenda nalo kwa Joshua mchana ule ule. Hakwenda kugomba. Alimwambia, "Nifundishe nilipokosea."

Joshua akalifungua. Mle ndani vitu vilikuwa vichache na vyembamba, nafasi kubwa tupu, na waya mmoja umebabuka. Akamweleza kwamba namba kubwa ya juu si ya kutazama peke yake. Chini yake kuna mistari mingine, na mmoja wa hiyo unaeleza umeme unaolisha kadi. Hapo ndipo uangalie unabeba kiasi gani. Uangalie pia kama kampuni inajulikana, kama imepimwa na watu wengine wasio wauzaji, kama ina dhamana ya miaka, na kama inavumilia umeme unaopanda na kushuka.

"Kumbe," akasema Baba Digna. "Pantoni inaweza kubeba tani zote zile, lakini mlango wake ukashindwa na lori moja."

"Hapo hapo, mzee wangu," akasema Joshua, na papo hapo akapiga simu Morogoro. Boksi lingekuja na basi siku ya Ijumaa.

Ijumaa, na mkutano ni Jumamosi! Digna aliposikia akawaka. Kumbe naye alikuwa amezunguka, akapata duka jingine lenye boksi kama lile la kwanza, jipya, lipo tayari. "Baba, tuweke hili. Litashika mpaka Jumamosi, halafu lijifie."

"Utangoja," akasema baba yake.

"Baba, mimi si lori!"

Nilitaka kucheka, nikaona nyuso zao, nikaacha. Akamweleza kwamba lile la kwanza lilimlia kazi ya siku moja, na la pili linaweza kumlia diski na kadi pamoja, akaenda Mchombe mikono mitupu. Digna akaenda chumbani akafunga mlango kwa kishindo. Baba Digna akabaki anautazama ule mlango. Jioni hiyo hakula, akasema ameshiba, na hakuwa amekula kitu.

Ijumaa basi likaja mapema kuliko kawaida yake, Mungu saidia. Joshua mwenyewe alilileta boksi kwa pikipiki, akalifunga. Digna akavuta kiti, tayari kuanza. Ndipo baba yake alipochomoa waya wa umeme, akauviringisha, akautia mfukoni mwa suruali.

"Ivuke tupu kwanza," akasema.

Maana yake, kompyuta ipewe kwanza kazi ya kujaribia, nzito kama ile ya kweli, lakini ya nakala, isiyomuumiza mtu ikiharibika. Tena si wakati ule. Alitaka wasubiri mashine ya kukoboa mpunga ya jirani yetu iwashwe. Huu ni msimu wa mavuno, na kila mtu wa mtaani kwetu anajua mashine ile ikinguruma taa zinafifia na feni zinachoka. Huwashwa baada ya chakula cha mchana. Joshua akasema mzee ana hoja. Digna hakutaka kusikia hoja ya mtu.

"Sina muda baba! Na wewe ulishakosea mara moja!"

Mimi ule mwiko karibu ufanye kazi yake. Lakini Baba Digna hakukasirika. Alimtazama mwanawe, akamjibu kwa sauti ya chini kabisa.

"Ndiyo maana."

Digna akakaa.

Baada ya chakula cha mchana mashine ikanguruma, Baba Digna akautoa waya mfukoni. Taa ikafifia, feni ikawa inazunguka kivivu. Kompyuta ikapewa ile kazi ya majaribio, nayo ikapika, ikapika, haikushtuka. Joshua akanyoosha kidole gumba. Digna akanyanyuka kutaka kuanza ya kweli, lakini Baba Digna alikuwa ameinama bado. Anaweka kiganja juu ya boksi: halina joto la kutisha. Anafuata waya taratibu kwa vidole, unatoka mezani, unapita nyuma ya kabati, mpaka kwenye ekstensheni iliyo sakafuni. Akaondoa mkono haraka.

"Njoo ushike hapa," akamwambia Digna.

Ekstensheni ilikuwa ya moto, plastiki yake imeanza kulainika. Ile ya bei rahisi, na juu yake kulikuwa kumechomekwa kompyuta, taa, chaji za simu, na friji langu la samaki. Joshua akashika naye, akasema pawa saplai ni nzima, lakini hii ingeungua kabla video haijafika nusu. Digna alitazama ile ekstensheni, akamtazama baba yake, akaanza kuchomoa kimoja kimoja. Ikaondolewa. Kompyuta ikachomekwa ukutani peke yake, friji langu likazimwa mpaka kazi iishe, nikanuna, hakuna aliyenijali. Ndipo Baba Digna alipomwambia Digna, "Haya, panda."

Ikapika alasiri yote. Jirani alizima mashine yake jua likizama, na kompyuta ilikuwa bado inaendelea. Baba Digna alileta kiti chake kutoka barazani, akakaa kando yake, kila baada ya muda anapapasa ule waya. Nikaenda kulala nikamwacha pale. Asubuhi nilimkuta amesinzia kitini, shuka la Digna limemfunika mabega, na kwenye kioo cha kompyuta ghala limesimama zima, na milango yake, na mwanga unaingia juu kwenye madirisha kama kweli. Digna alikuwa ameshaondoka na basi la kwanza, video ipo kwenye flashi mkobani mwake.

Siku ile sikwenda sokoni. Nilijisingizia nina kazi nyumbani. Baba Digna alikaza misumari yote ya banda la kuku, akamaliza, akaanza upya. Simu yangu ilipolia mchana nilikuwa nimeshika unga, nikaiweka sauti kubwa, nikaiegesha juu ya ndoo.

"Mama, baba yupo karibu?"

Nikamwita. Akaja, nyundo mkononi.

"Baba, wameitazama yote mpaka mwisho. Wamenipa ghala. Bwana Egidius ameniuliza kompyuta yangu inakaa ofisi gani, nikamwambia inakaa sebuleni kwetu, ila ina fundi wake. Baba? Nimewaambia ni wewe. Baba, unanisikia?"

Baba Digna alikuwa amenigeuzia mgongo, na mabega yake yanatikisika. Ikabidi nifute unga mkononi, niishike simu mwenyewe.

"Anakusikia, mwanangu," nikasema. "Analia. Wewe endelea kumwambia."