Namba Chini ya Kutu

Jirani yangu hapa Mwembesongo, mwalimu mstaafu, anafufua landrova kuukuu uani kwake. Juzi nilimkuta akisugua chuma palepale penye namba ya chasisi. Nikawaza: hili gari ni la wizi.

"Shikamoo, mwalimu. Mbona unafuta namba?"

"Marahaba." Akanipa msasa. "Haya, futa wewe."

Nikasugua kwa mashaka. Kutu ikabanduka, namba zikajitokeza. Akachomoa kadi ya gari mfukoni, tukalinganisha tarakimu moja moja. Zote zilikuwa sawa.

"Nimefundisha watoto wenu miaka yote bila kuulizwa swali," akasema bila kucheka. "Nimenunua gari bovu, mtaa mzima umegeuka polisi."

Nikamrudishia msasa wake. Mstaafu akikaa kibarazani tunamhurumia. Akishika spana tunamshuku.