Hebu Niitie Yani

Harufu ya mafuta ya taa hunirudisha Wembley, wala si mahali pengine. Wengi wenu mtazikumbuka zile hita za wakati ule, zilizonuka kuliko zilivyopasha moto. Yetu ilikaa katikati ya chumba tulichopanga, juu ya chumba cha Bi Zuhura, mama wa Kipemba aliyekimbia baada ya Mapinduzi kama sisi. Nikiinusa harufu ile hata leo, mwili wangu husimama wima, koo likajisafisha lenyewe, tayari kumwigiza kaka yangu.

Sisi ni Wagiriki, lakini Wagiriki wa Unguja. Baba alikuwa na tanuri la mikate mtaa wa Malindi, na mimi na kaka yangu Yani tuliota meno kwa Kiswahili. Katika stoo ya unga Yani alitundika kanga kuukuu ikawa pazia, na magunia yakawa watazamaji. Alimwigiza muuza kahawa akigonganisha vikombe, padri wetu mwenye mafua, hata paka wa jirani aliyenyimwa dagaa. Mimi nilikuwa mara mwizi, mara mfalme, mara mvua. Nilikuwa mvua hodari sana: nilipiga ungo kwa vidole, naye Yani akatetemeka kama aliyeloa kweli. Tulitoka humo weupe kama mizuka, Mama akacheka hadi akashika ukuta.

Zilipokuja siku za Mapinduzi, Yani alitoka mchana kwenda kumtazama rafiki yake mtaa wa Ng'ambo. Hakurudi. Baba alimtafuta kila mahali ambapo mtu aliweza kutafuta. Hakupatikana yeye, wala halikupatikana kaburi. Tulipopanda ndege kuja London, Mama alikuwa amebeba viatu vya Yani kwenye mkoba.

Huku Mama akanyamaza. Baba aliajiriwa katika tanuri la mtu mwingine. Mama alikaa nyumbani akishona vifungo vya makoti ya watu. Siku moja, katika kuchezacheza peke yangu kando ya hita, nikaigiza jinsi Yani alivyokuwa akirudi kutoka skuli: miguu inaburura, mkoba chini pu, kisha ile sauti yake ya puani, "Mama, n'na njaa mie!"

Sindano ya Mama ikasimama. Akainuka, akakata mkate, akaupaka siagi, akauweka mezani. Nikaula.

Tangu hapo, jioni zikifika, alikuwa akiweka kazi yake chini na kufumba macho. "Eleni," akisema, "hebu niitie Yani." Nami nikatoka hadi ngazini, nikarudi nikiwa yeye. Nilidhani amefumba macho kwa utamu, kama mtu anayeonja halua. Nikazidisha ufundi: kikohozi chake, kicheko chake kilichoishia kwenye kwikwi, namna alivyonung'unika akivua soksi. Kadiri nilivyofanana naye, ndivyo vipande vya mkate vilivyonenepa.

Baba alitukuta siku moja. Alisimama mlangoni, akaisikia sauti ya mwanawe, akageuka akashuka. Bi Zuhura alimkuta amejiinamia kwenye kizingiti cha nje, koti bado mwilini. Kesho yake Bi Zuhura aliniita. "Mwanangu, usiamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe." Nikacheka, nikamwuliza ni nani aliyelala saa kumi za jioni.

Kisha nikakua. Sauti ikaanza kunenepa, ikawa ya mwanamke. Jioni moja, katikati ya mchezo, Mama akafumbua macho. "Siye," akasema. "Basi. Acha." Akashika sindano yake. Nilijifunza upya bafuni, nikibana koo hadi likauma, lakini sikuitwa tena.

Nikatafuta watu wengine wa kunitazama. Niliwapata katika ukumbi mdogo wa maigizo juu ya baa. Nilianza kwa kubeba sinia, nikapanda cheo nikawa maiti. Nilikufa vizuri hata nikapewa kufa tena katika mchezo uliofuata. Mwishowe wakanikata nywele, wakanipa nafasi kubwa: mvulana anayerudi kwao baada ya vita. Mvulana huyo sikuhitaji kumtafuta mbali.

Baba alikwisha kufa wakati huo. Nilimpa Mama habari bila matumaini, maana alikuwa hatoki ila kwenda hospitali. Lakini alimwomba Bi Zuhura amsuke nywele, akavaa gauni lake la kanisani, wakaja kwa treni.

Nilimwona safu ya mbele, macho wazi kabisa. Nikatoa kila nilichokuwa nacho. Nilipoufikia mlango wa nyumbani nikauangusha mkoba, Mama akasimama. Hakupiga kelele. "Yani?" alisema mara moja tu, kama mtu anayeuliza nani anabisha hodi. Bi Zuhura akamshika mkono wakatoka. Mimi nikaumaliza mchezo, na nikapigiwa makofi mengi.

Niliwakuta stesheni, rangi bado usoni.

"Mama, mimi hapa. Umenionaje?"

"Nilikuja kumwona Eleni," akasema. "Nilimwambia Zuhura, leo namtaka binti yangu nimwone anavyocheza. Nimemngoja. Mbona hakutoka?"

Bi Zuhura alitazama pembeni. Treni ikaja, wakapanda. Mama hakuja tena ukumbini, na alifariki kabla sijapata kucheza hata mara moja kwa sauti yangu.

Utotoni niliamini kwamba moyo wa Mama ulikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu, na kwamba nikitaka kuingia humo lazima nijifanye huyo. Nimezeeka ndipo nikaelewa. Mama alipoteza watoto wawili. Mmoja alitoka mchana hakurudi, na wa pili nilimficha mimi mwenyewe, mbele ya macho yake.