Misalaba ya Biskuti

Juzi mtoto wangu alikalia pakiti ya biskuti kwenye kochi. Nilipoiokota, biskuti zote zilikuwa zimegeuka unga, na ile harufu ya vanila ikanipanda puani kabla sijamgombeza. Nilisimama pale sebuleni na pakiti mkononi, nikamsahau hata mtoto mwenyewe. Harufu nyingine za utotoni hunilegeza moyo. Hii hunipandisha hasira, na ni hasira ninayoipenda, ile inayomfanya mtu anyooshe mgongo. Kaeni karibu niwaambie ilikotoka.

Nilikuwa na miaka kumi, darasa la tano, hapa hapa Lubumbashi. Wale wanaodhani Kongo nzima ni jasho na mvua waje wasimame uwanjani kwetu saa moja asubuhi, mwezi wa sita, wamevaa sketi ya bluu inayoishia magotini. Baridi inauma masikio, vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu, na kila mama anampaka mtoto wake mafuta mpaka anang'aa. Ndio mwezi wa sikukuu ya uhuru. Kila mwaka, tarehe thelathini, shule yetu iliandamana barabarani, mistari ikiwa imenyooka mwanzoni na imepinda vibaya mwishoni.

Mwaka ule mwalimu wetu, tuliyemwita Madame tu, alizua jambo jipya. Baada ya maandamano kungekuwa na meza ya watoto. Kila mmoja alete kitu kitamu alichokitengeneza kwa mikono yake, chenye alama ya nchi. Angesimama mbele ya wazazi, angeinua sinia yake na kusema, "Hii ni ya kwetu," kisha kila mtu angeonja. Nilirudi nyumbani mbio. Sijui kwa nini maneno yale yalinishika namna ile. Nilitaka kuyasema kwa sauti kubwa, mbele ya watu, kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule.

Darasani tulikuwa na watoto watatu wa Golf, mtaa wa matajiri, waliokaa kwenye nyumba zenye oveni na jenereta. Hao tulijua wangeleta keki. Kwetu umeme ulikuja ulipojisikia, na makaa yalikuwa ya kupikia bukari, yaani ugali, na maharagwe, si ya michezo ya watoto. Kwa hiyo kilihitajika kitu kisichotaka moto. Rafiki yangu Mwape, wa nyumba ya pili, alijua namna: biskuti zilizopondwa, karanga zilizosagwa, kakao, na maziwa mazito ya kopo. Unaponda, unachanganya, unafinyanga, unaacha nje. Baridi ya mwezi wa sita inafanya kazi iliyobaki.

Tuliponda biskuti barazani ndani ya mfuko wa plastiki, kwa chupa tupu. Mwape alipiga kwa nguvu mpaka mfuko ukapasuka na nusu ya unga ikaingia kwenye nyufa za sakafu, ambako siafu walifanya sikukuu yao mapema. Mimi nililamba kifuniko cha kopo la maziwa, nikajikata ulimi, na sikumwambia mtu.

Shida ilikuwa bendera. Bendera yetu ni ya bluu ya mbinguni, na hebu nitajieni ninyi chakula cha bluu. Mwape akapendekeza ile bluu ya unga ambayo mama zetu walitia kwenye maji ya kusuuzia mashati meupe.

"Eh! Munataka kuua bazazi ba bantu?"

Sauti ilitoka ndani. Alikuwa Kaku, yaani bibi yangu, mama mzaa Papa. Kaku ndivyo watu wenye asili ya jimbo la Kasai wanavyomwita bibi. Meno yake yalikuwa machache na masikio yake makali, na hakuna lililopangwa barazani ambalo hakulisikia.

Basi nikabaki nikiutazama mchanganyiko kiganjani mwangu. Ulikuwa wa kahawia yenye wekundu kidogo, rangi ya shaba kabisa. Hapo ndipo nilipokumbuka mlango wa sebule ya kina Mwape. Ulizuiwa usijifunge kwa msalaba wa shaba wa zamani, wenye mikono minne iliyolingana, mzito kiasi kwamba niliwahi kujigonga dole gumba nikachechemea wiki nzima. Ulikuwa wa babu yake Mwape, na ukoo wao ulikuwa hapa kabla hata mji haujawa mji. Umbo lile liko kila mahali kwetu, kwenye kuta, kwenye mabango, kwenye vibanda vinavyouza vito vya malakiti, lile jiwe la kijani. Kwangu lilikuwa sura ya mji wetu, basi.

Tulisokota vijiti viwili vya mchanganyiko, tukavilaza kimoja juu ya kingine, tukavigandamiza. Ukatoka msalaba. Tukafanya ishirini. Kisha, kwa sababu Madame alitaka alama ya nchi, nilikata tundu la nyota, ile ya njano ya bendera yetu, kwenye jalada la daftari, nikaliweka juu ya kila msalaba na kunyunyiza pipi za njano zilizosagwa. Nilipoinua jalada, nyota ya Kongo ilikuwa imekaa katikati ya msalaba wa Katanga, jimbo letu. Mtu mzima yeyote wa mji huu angetushika mikono kabla hatujamaliza. Sisi tulipiga makofi.

Papa alirudi saa kumi na moja kutoka kwenye duka la dawa alikofanya kazi, katikati ya mji. Aliiona sinia juu ya ukuta wa baraza, akasimama na begi lake begani. Alikuwa mtu wa mizaha, Papa. Nilisubiri mzaha.

"Nani alikuambia ufanye hii?"

"Hakuna. Ni miye na Mwape."

"Utupe yote. Sasa hivi."

Sikuelewa. Nikamwambia Madame alisema tulete kitu ya kwetu, na hii iko ya kwetu. Papa akatikisa kichwa.

"Hii haiko ya kwetu. Hii iko alama ya bale balitufukuzaka."

Msomaji anayetoka mbali anapaswa kujua ambalo mimi sikulijua siku ile. Msalaba ule ulikuwa pia kwenye bendera ya waliotaka Katanga iwe nchi peke yake. Na miaka michache kabla sijazaliwa, kina sisi, wajukuu wa watu walioletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, tuliambiwa turudi kwetu. Walioambiwa hivyo wengi wao hawakuwahi kuiona hiyo Kasai. Nyumba zilichukuliwa, na watu walijaa kwenye vituo vya treni na mizigo yao, wakisubiri. Nyumbani kwetu habari hiyo haikuzungumzwa. Nilichojua mimi ni kwamba nimefanya kitu kizuri na baba yangu anataka kukitupa.

"Banatufukuza wapi?" nilimjibu. "Miye nilizaliwa hapa! Na weye ulizaliwa Likasi! Njo Katanga ile ile!"

Sikuwahi kumjibu Papa hivyo, na hata mimi nilijishtukia. Aliichukua sinia akaelekea kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Mimi nikamshika shati kwa nyuma, nikavutwa naye kama mbuzi, viatu vikiburuta vumbi. Sikuliachia shati.

"Leta hapa," alisema Kaku.

Alikuwa ametoka na kukaa kwenye kiti chake mlangoni.

"Mama, usiangalie hii kintu," Papa alisema.

"Baliichoraka na chokaa ku mulango yangu, nikaiangalia. Nitashindwa kuiangalia ya biskwi?"

Papa akampa sinia. Kaku alichagua msalaba mmoja, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua nyanya sokoni. Kisha akauvunja mkono wa kwanza, akautia mdomoni na kuutafuna kwa yale meno yake machache, taratibu. Akavunja wa pili. Sisi wawili tulisimama tukimtazama. Akala wa tatu, wa nne, na mwisho ile nyota, na kakao ikabaki pembeni mwa mdomo wake.

"Papa yangu alichimbaka mukuba ya Likasi mpaka kifua yake ikakufa," alisema, na mukuba kwake ni shaba. "Bale banasema musalaba ni yabo. Mukuba yake ilitoka wapi? Mu udongo. Na nani aliitoa mu udongo?"

"Mama, unasahau Mbombo?" Papa aliuliza kwa sauti ya chini.

Niliona uso wa Kaku unabadilika.

"Njo miye nilimuzika. Weye unanikumbusha nini?"

Papa akainamisha kichwa. Kaku akanirudishia sinia, akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Mutoto ataenda nayo yote. Na siku ingine muongeze karanga, hii iko sukari tupu."

Asubuhi yake, Mama aliponipaka mafuta, nilimuuliza Mbombo ni nani. Alikuwa dada mdogo wa Papa, alisema. Alikufa akiwa na miaka minne, pale pale kituoni Likasi, wakingoja treni ya Kasai, na alizikwa karibu na hapo. Kisha akanivuta soksi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na mazungumzo yakaishia hapo.

Meza ya watoto ilikuwa ndefu. Keki za Golf zilikuwa kwenye maboksi, zimepakwa bendera ya sukari ya bluu kweli kweli, na nilizionea wivu, sitadanganya. Mwape alileta chui wa biskuti, ambao kaka yake aliwaita panya mpaka Mwape akalia. Zamu yangu ilipofika niliinua sinia na misalaba kumi na tisa, nikasema kwa sauti yote niliyokuwa nayo, "Hii ni ya kwetu!"

Wazazi walianza kunong'ona. Mbele kabisa alikaa baba mmoja wa kamati ya wazazi, amevaa koti zuri la baridi. Alitabasamu.

"Jina yako nani, mutoto?"

"Ngalula."

Watu wakacheka, kwa sababu jina langu linatangulia kunitaja kabla sijafungua mdomo. Hakuna Ngalula asiyetoka Kasai.

"Ngalula! Na kwenu ni wapi?"

"Hapa."

"Na papa yako?"

"Likasi."

"Na nkambo yako, mama ya papa?"

"Likasi."

"Lakini asili, mutoto. Asili yenu iko wapi?"

Aliuliza kwa upole, na ndilo linaloniudhi mpaka leo. Aliuliza kama mtu anayemsaidia mtoto kutafuta kiatu kilichopotea. Madame alitazama chini. Nilitafuta jibu, nikapata lile moja tu nililopewa asubuhi.

"Tantine Mbombo iko mu udongo ya Likasi. Alikufaka ku gare, bakingoja treni. Yeye hakufikaka kule. Iko huku."

Hakuna aliyecheka tena. Nikamsogezea sinia yule baba, maana tulifundishwa kuwakaribisha wakubwa, na kila mwanamume mzima kumwita Papa.

"Kamata moja, Papa."

Akachukua. Hakuula. Aliushika tu msalaba ule mkononi, na kwa muda wote uliobaki hakumuuliza mtoto mwingine asili yake. Mwape alikula minne kwa niaba yangu, kisha watu wengine wakaanza kunyoosha mikono, mmoja mmoja, na sinia ikaisha.

Niliamini nimeshinda, na niliamini nimeshinda kwa sababu ya nyota niliyoiweka katikati. Nilikuwa mkubwa tayari, nimeolewa, Papa aliponisimulia yaliyobaki. Treni ile ilifika. Siku tatu baada ya kumzika Mbombo, ilifika, na nafasi ilikuwapo. Papa, kijana wa miaka kumi na minane, alipandisha mizigo na kumnyooshea mama yake mkono. Kaku akabaki amesimama chini. Alimwambia ana mtoto hapa, na hawezi kumwacha peke yake na watu wale. Papa aliomba, akalia, akatukana. Mwishowe akaishusha mizigo. Ndiyo maana nilizaliwa huku, Lubumbashi walikohamia baadaye, si Kasai. Nililolisema mimi mezani kama mtoto anayetaja anwani, Kaku alikuwa amelisema mbele ya treni iliyofunguliwa milango.

Nimejaza fomu nyingi tangu wakati huo, na zote zinauliza asili. Ninaandika Lubumbashi. Mara nyingine karani hulikata neno langu na kuandika Kasai, akiniangalia kwa upole ule ule. Ninaomba fomu nyingine. Nina muda, na kalamu ninayo.

Kaku alikufa mwaka juzi, amezeeka, akilalamika mpaka siku ya mwisho kwamba uji hauna chumvi. Kwenye mazishi mchungaji alisema kwamba marehemu alikuwa amewasamehe wote waliomkosea. Watu wakaitikia amina. Mimi sikuitikia. Niliishi naye miaka ishirini na sijawahi kumsikia akimsamehe mtu yeyote, hata kuku wa jirani. Walitaka aondoke, naye akawakatalia kila siku ya maisha yake, akisonga bukari, akianika nguo, akigombana na wauza mboga kwa Kiswahili chao hao hao.

Tulimzika Likasi.