Respicius na Jeshi la Viatu Vipya

Siku tano za wiki Respicius alibeba makasha katika ghala la Mchina kule Mobeni, na humo hakuna aliyemwita kwa jina. Jumamosi alasiri, katika ukumbi ulio nyuma ya saluni yangu hapa Sydenham, Durban, alishika maikrofoni akawa mtu. Nilimwona kwa macho yangu: hata shingo ilirefuka.

Kazi yake ilikuwa kututafsiria filamu. Alijifunza katika kambi ya wakimbizi ya Kibondo, Tanzania, alikokulia, kwenye banda la video ambako mkalimani husema chochote kinachomjia mdomoni, mradi mabomu yakilia naye alie. Kichina hakujua hata neno, Kijapani ndiyo usiseme. Mwaka 2012 bosi wake, Bwana Liu, alimwazima tamthilia ya vita vya Wachina na Wajapani, diski kumi na mbili. Respicius akaona jeshi moja lina viatu vipya, malori na mizinga, na jingine limevaa ndala za nyasi. Hakusita. Kila kitu alichobeba Mobeni kilitoka China, basi wenye vitu ndio Wachina.

Prodige, fundi wa simu, ndiye pekee aliyenyoosha mkono.

"Lakini Toyota iko ya Japani, non? Sasa mbona wanatembea kwa miguu?"

"Toyota walikuwa hawajaanza," alijibu Respicius. "Ndiyo maana wana hasira."

Tukaridhika, wajinga sisi. Miezi mitatu tulishangilia viatu vipya. Kapteni wao mwenye masharubu Respicius alimbatiza Protas, na Mama Ninahazwe, muuza mboga ambaye hata mchungaji humwogopa, alimwombea Protas kanisani kila Jumapili, kwa sauti.

Ikafika diski ya kumi na moja. Watu wa ndala walikuwa wamejifungia katika mji wenye ukuta, viatu vipya wakiwapiga mizinga kutoka nje. Siku hiyo Bwana Liu alikuja kuulizia diski zake, akaketi kwenye benchi la nyuma. Ukuta ukawaangukia watu wa ndala, nasi sote tukasimama na vigelegele.

"Hawu!" akasema Bwana Liu, maana Kizulu ndicho alichojifunza kwanza. Mengine aliyasema kwa Kiingereza, akionyesha skrini kwa kidole, na hayo tuliyaelewa hata sisi: wanaokufa ni Wachina, kwa nini mnapiga makofi?

Respicius akadai kwamba majeshi yalikuwa yamebadilishana nguo ili kumchanganya adui. Njia ya mwongo ni fupi.

"Miezi tatu niko namuombea adui!" alilia Mama Ninahazwe. "Hizo sala nani atanirudishia?"

Mzee Zénon akagonga fimbo chini. Kwao Burundi alikuwa mushingantahe, mwamuzi aliyeapishwa, na tangu afike Durban alikuwa hajapata kesi. Alifurahi, msidanganyike. Akatangaza kwamba baraza limekaa kuamua kama Respicius atanyang'anywa maikrofoni, na shahidi ni Bwana Liu. Tatizo, Kiingereza cha Bwana Liu kikizidi maneno matano hakuna anayekielewa ila anayefanya kazi kwake. Basi mshtakiwa akawekwa kuwa mkalimani wa shahidi.

"Ukiongeza hata neno moja," Mzee alimwambia, "hiyo maikrofoni utaisikia kwa wengine."

Akaulizwa Bwana Liu vita hivyo vinamhusu nini. Alizungumza akiitazama skrini. Respicius akatafsiri: babu yake alikuwa ndani ya mji ule, na ndala zake.

"Aliua wangapi?" akauliza Prodige.

Bwana Liu alijibu kwa kifupi. Respicius akageuka kututazama. Tulimjua. Angeweza kumpa yule babu maiti mia, ukumbi ungelipuka kwa shangwe na kosa lingesahauliwa papo hapo. Nilimwonea huruma, kwani Jumatatu angerudi kwenye makasha.

"Hakuua mtu," alisema. "Alitupa bunduki akakimbia. Alitembea miezi minne."

Hakuna aliyecheka. Nani angecheka humu ndani? Mimi mwenyewe nilikimbia vita Uvira na kiatu kimoja.

"Muulize alibeba nini," akasema Mama Ninahazwe, polepole.

Respicius akauliza. "Sufuria."

"Na kifuniko?"

Swali likaenda, jibu likarudi. "Kifuniko kilibaki nyumbani."

Mama Ninahazwe akaenda kuketi karibu na Bwana Liu, akapangusa macho kwa kitenge. Mzee Zénon alikuwa amefungua kinywa atoe hukumu, lakini mama hakumngoja.

"Hata changu kilibaki," alisema. "Respicius, shika maikrofoni, weka tena diski ya kwanza."